Hata Asiyepona Anastahili Kuombwa Radhi

Mama mdogo wangu alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, na miezi ya mwisho nilimuuguza nyumbani kwangu Mbagala. Ugonjwa uligunduliwa ukiwa umeshasambaa, hilo tulilikubali. Nisilolikubali mpaka leo ni zile siku alizolia kwa maumivu ambayo saratani haikuyaleta.

Alikuwa anatumia morfini ya maji. Ni dawa rahisi kutumia na inasaidia sana: mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, na ile ya kulalia mara nyingi huongezwa maradufu ili apate usingizi mpaka alfajiri. Lakini inafunga choo. Kusinzia kwa siku za mwanzo huisha mwili ukizoea. Kufunga choo hakuishi maadamu mtu anaendelea kuinywa. Ndiyo maana morfini hutakiwa kuandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo, isipokuwa mgonjwa awe anaharisha. Mama mdogo hakuandikiwa. Tulipewa chupa, tukaelekezwa kipimo, tukaondoka.

Tumbo lilipovimba na kuwa gumu, majirani walisema saratani imeingia kwenye utumbo. Yeye mwenyewe akaamini kwamba morfini ndiyo inayommaliza, akaikataa, na maumivu ya zamani yakarudi juu ya haya mapya. Muuguzi wa huduma za nyumbani alipofika, aliuliza swali moja tu: "Mama, mara ya mwisho umepata choo lini?" Akaangalia kadi, kisha akasema: "Dawa ya choo haikuandikwa, na ilipaswa kuandikwa. Samahani sana, mama."

"Kumbe si ugonjwa," akajibu. "Ahsante kwa kuniambia, mwanangu."

Jioni ile akakubali kunywa tena morfini, hata kabla tumbo halijalegea. Maelezo yalimtibu kwanza.

Kwa mgonjwa wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya asiyetarajiwa kupona, kosa lisilosemwa hugeuka kuwa ugonjwa. Akichanganyikiwa, akitapika, akikosa usingizi, vyote hubebeshwa saratani. Akifa, tunasema siku zake zilifika. Zilifika kweli, ila mateso yale hayakuwa ya lazima, na hakuna ndugu anayekwenda kulalamika, maana atajibiwa kwamba mgonjwa alikuwa wa kufa tu.

Tena ukiwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi ya kliniki, malalamiko yao hayaanzii kwenye kipimo cha dawa. Wanasimulia walivyoambiwa waende nyumbani bila kuambiwa kwa nini. Daktari alivyoongea na mtoto wa kiume mlangoni, mwenye mwili akiwa kitandani anatega sikio. Dawa ilivyoisha Ijumaa, wakaambiwa warudi Jumatatu. Mambo haya hospitali haiyaandiki popote kama makosa.

Yapo yanayozuilika kwa utaratibu mdogo sana. Uganda, ambako Dk Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, morfini ya maji hutiwa rangi kulingana na nguvu yake, ili hata asiyejua kusoma atambue kwamba chupa ya leo si kali kama ya jana. Aliyebuni hilo alimfikiria mgonjwa aliye kwake, usiku, mwanga ukiwa wa koroboi.

Nitaambiwa wauguzi ni wachache, na wakikiri wataadhibiwa. Uchache nimeuona kwa macho. Yule aliyetuomba radhi alikuwa na nyumba nyingine nyingi za kupitia siku hiyo, na ukweli wake haukumchukua dakika mbili. Kuhusu adhabu, wakubwa wa hospitali ndio wa kubadilika, ili anayesema alindwe na anayeficha ndiye aogope. Vikao vya kuchunguza vifo vya wajawazito tunavyo tayari; faili hufunguliwa, watu huulizana palipoharibika. Kwenye meza hiyohiyo yawekwe pia maumivu ya mgonjwa wa saratani yaliyoweza kuepukwa, kisha mtu atumwe nyumbani kwake akamweleze yaliyotokea, wakati bado yuko hai na anasikia.