Thunderbolt 5 ni moto, lakini mimi nabaki na 4

Wasee, wiki hii nimeulizwa tena: "Ninunue laptopu ya Thunderbolt 4 ama nichange pole pole nifike 5?" Jibu langu ni 4, na najua kuna watu wataniruka. Ngojeni kwanza.

Mwaka jana nilikuwa na video za harusi, kama gigabaiti 200 hivi, na bibi harusi alitaka kipande kifupi cha kupost kabla ya saa nane mchana. Laptopu yangu iko na Thunderbolt 3. SSD yangu inakimbia vizuri. Nikachomeka waya, nikaenda kupika chai. Kurudi, komputa inaniambia imebaki saa moja na dakika ishirini. Maze! Kumbe nilikuwa nimeshika waya wa chaja ya simu. Kwa macho ni USB-C kama ule mwingine, lakini ndani yake data inapita kwa USB 2.0, yaani megabiti 480 tu kwa sekunde. Kazi ilichelewa, mteja akanikata elfu tano, na sikuwa na la kujitetea.

Ndiyo maana siku hizi namba ya Thunderbolt pekee hainibabaishi.

Ya kwanza ilitoka 2011, Intel wakishirikiana na Apple: gigabiti 10 kwa kila njia, kupitia katundu ka Mini DisplayPort. 2013 ikaja ya pili, ikaunganisha zile njia zikawa 20. Ya tatu, 2015, ikaruka hadi 40 na kuhamia USB-C. Hapo ndipo vurugu ilianza, kwa sababu tundu linafanana na la chaja ya simu yako lakini kazi ni tofauti kabisa.

Halafu 2020 ikaja ya nne, na spidi ikabaki 40. Watu walicheka sana. Mimi nasema hiyo ndiyo iliyomjali mnunuzi kuliko zote. Kwa Thunderbolt 3, kampuni iliruhusiwa kukupa gigabiti 16 tu za data ya diski na skrini moja ya 4K, na bado ikaandika "Thunderbolt 3" kwa boksi. Thunderbolt 4 ililazimisha 32, na skrini mbili za 4K. Hata waya: nyaya nyingi za kawaida za 3 zikipita nusu mita zilikuwa zinashuka hadi 20, lakini wa 4 unashikilia 40 hadi mita mbili. Ukinunua 4, unajua unachopata.

Ya tano ilitangazwa 2023. Gigabiti 80, na inaweza kufika 120 upande mmoja ukiwa na skrini nzito. MacBook Pro za M4 Pro na M4 Max zilikuja nayo 2024. Ni noma, sikatai. Kama unahariri sinema na una skrini za 8K, nunua na usiniulize. Lakini wewe unayeshuti kwa simu, SSD yako ya mfukoni pengine ni ya gigabiti 10. Ukiichomeka kwa Thunderbolt 5, bado ni 10. Ni kama kuachiwa Thika Road yote usiku na wewe uko kwa bodaboda.

Hizo pesa za kuongezea, weka kwa diski nzuri na waya wa kweli. Na ukienda tao kutafuta laptopu ya mtumba, usikubali tu kuambiwa "hii ni Thunderbolt, bro". Uliza ni ya ngapi. Tafuta alama ya radi kando ya tundu. MacBook za USB-C hazichorwi hiyo alama, kwa hivyo iwashe na uingie kwa ripoti ya mfumo mbele ya muuzaji. Akianza kukuharakisha, ondoka. Waya nao uwe na radi na namba juu ya kichwa chake, na kama hauna, mimi nauhesabu kuwa wa kuchaji.

Wangu wa 4 nimeuzungushia tepu nyekundu. Sista yangu tayari ashauchukua mara mbili kuchajia simu.