Mshauri asimwulize mtoto peke yake

Tangu viboko vipigwe marufuku katika shule zetu mwaka 2001, walimu wamehimizwa kushika ushauri nasaha badala ya bakora. Agizo hilo ni jema. Hata hivyo, yapo mazoea ambayo marufuku hiyo haikuyagusa. Mwanafunzi aliyekosa bado huitwa peke yake, akasimamishwa mbele ya meza na kuulizwa, "Una shida gani wewe?" Bakora imeondoka, lakini mshtakiwa amebaki yule yule.

Kwa sababu hiyo, wanaojiandaa kuwa wataalamu wa tiba ya nafsi, pamoja na walimu washauri, hawana budi kuijua tiba ya kimfumo. Chimbuko lake mojawapo ni utafiti wa mwanaanthropolojia Gregory Bateson na wenzake huko California. Mwaka 1956 walichapisha makala kuhusu amri zinazopingana: mzazi atamkapo neno la upendo huku uso wake ukimfukuza mtoto, mtoto atii lipi? Dai lao kwamba mawasiliano ya aina hiyo huzaa maradhi ya skizofrenia halikuthibitika. Kilichodumu ni mtazamo wao kwamba mwenendo wa mtu hufahamika vyema tukichunguza yapitayo baina yake na wenziwe.

Mjini Milan, Italia, Mara Selvini Palazzoli na wenzake watatu waliuendeleza mtazamo huo. Wawili walizungumza na familia, na wawili wakatazama nyuma ya kioo. Mwaka 1980 walieleza namna ya kuuliza maswali ya mzunguko, yaani kumwuliza mmoja kuhusu uhusiano wa wengine wawili.

Tuchukue mfano wa msichana anayekataa kwenda shule. Badala ya kumkazia macho yeye, mshauri humwuliza kakaye, "Dada yako akishinda nyumbani, nani hupata nafuu?" Yamkini ikabainika kwamba siku hizo ndizo wazazi wasizogombana. Hapo utoro si ukaidi tena. Ni mzigo ambao mtoto amejitwika ili nyumba isivunjike, na kumwadhibu ni kumwongezea uzito.

Kiswahili kina sarufi ya jambo hili. Tukisema "mtoto ni mkaidi", tumeitia shida ndani ya mtu mmoja. Lakini kauli ya kutendana hairuhusu hivyo: hapana awezaye kugombana, kuogopana wala kununiana peke yake. Ajabu ni kwamba washauri wetu wengi husomea kazi hii kwa Kiingereza, ilhali familia watakazozihudumia hugombana na kupatana kwa Kiswahili, Kikamba au Kijaluo. Swali la mzunguko likitafsiriwa neno kwa neno huweza kuwa utovu wa adabu. Mtoto ataulizwaje habari za babaye mbele ya babaye? Sharti mshauri ajue kuomba ruhusa kwanza: "Mzee, kwa idhini yako, ningependa kumsikia huyu mdogo." Adabu hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Aidha, mwanafunzi wa taaluma hii hutakiwa kuichunguza familia aliyozaliwa. Aliyelelewa kunyamaza baba anapofoka huenda akanyamaza vivyo hivyo mbele ya baba wa watu, akadhani amekuwa mvumilivu.

Pana tahadhari moja kubwa. Pale mtoto anapopigwa au kunajisiwa, lawama haigawanywi kwa kisingizio cha mfumo. Mwenye kosa ni aliyetenda, na wajibu wa kwanza ni kumlinda mtoto. Mshauri asimketishe mtoto mbele ya mtesi wake na kumtaka aseme yote.

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ilikusudiwa kuhakikisha kwamba kazi hii inafanywa na waliofuzu na kusajiliwa. Lakini cheti hakimfundishi mtu kuuliza. Vyuo vyetu havina budi kuwapa wanafunzi mazoezi ya kuzungumza na familia kwa lugha za familia hizo, chini ya macho ya wakufunzi. Nao walimu wanaweza kuanza na jambo dogo: kabla ya kumwuliza mwanafunzi ana shida gani, wajiulize ni nani wengine wanaopaswa kuwamo katika mazungumzo hayo. Mara nyingine, mmoja wao atakuwa mwalimu mwenyewe.