UCHAMBUZI: Ukiagiza jezi na njumu ng'ambo, usidanganywe na jina 'vifaa vya michezo'

Tuseme umechanga doh na mabeshte wawili, mkaagiza mzigo kutoka Guangzhou: jezi, njumu, mipira, glavu za ndondi na mabegi ya mazoezi. Kwenye ankara, muuzaji ameandika tu "vifaa vya michezo". Nanyi mkapiga hesabu ya ushuru kwa kiwango kimoja, mkaona faida ipo. Mzigo ukifika Mombasa, hesabu inageuka. Wengi husema wameonewa, kumbe shida ilianzia kwenye karatasi.

Kinachoamua ushuru ni msimbo wa HS. Tarakimu zake sita za kwanza ni zile zile karibu dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili, zikawa nane.

Vifaa vya michezo viko Sura ya 95. Mpira wa kujazwa upepo ni 9506.62. Vyuma vya gym ni 9506.91. Hata vile vikinga miguu ambavyo wachezaji huvaa ndani ya soksi vimo humo. Lakini maelezo ya mwanzo ya sura hiyo yanaondoa nguo, viatu, kofia, mabegi na glavu, hata kama ni za spoti.

Kwa hivyo jezi ya kawaida, ile ya kitambaa kinachovutika, ni nguo tu: Sura ya 61. Njumu ni viatu: Sura ya 64, na hapo hutazamwa sehemu ya juu ya kiatu. Ikiwa ya ngozi, ni 6403. Ya plastiki, 6402. Ya kitambaa, 6404. Begi huenda 4202. Glavu za ndondi hufuata malighafi, zile za ngozi zikiingia 4203.

Sasa pesa. Viwango vya pamoja vya Jumuiya ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Hicho cha juu kiliwekwa kulinda wazalishaji wa ukanda huu, na nguo ni miongoni mwa bidhaa zinazolindwa. Chukua mzigo wa Sh100,000. Kwa asilimia 25 unalipa ushuru Sh25,000, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya Sh125,000, yaani Sh20,000. Jumla Sh45,000. Kwa asilimia 35, ushuru ni Sh35,000 na VAT Sh21,600. Jumla Sh56,600. Tofauti ni Sh11,600, na bado hujalipa ada nyingine za forodha. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo faida yote.

Kulinda fundi anayeshona jezi hapa kwetu si vibaya. Kibaya ni kijana kujua sheria siku mzigo umeshikwa, gharama za kuuhifadhi zikipanda.

Kwa hivyo, kabla hujatuma pesa, mwambie muuzaji aorodheshe kila bidhaa kivyake na malighafi yake. Mwulize wakala wako wa forodha msimbo wa kila moja, akuandikie. Ukiwa na shaka, omba KRA uamuzi wa mapema kuhusu msimbo. Na usipokubaliana na uamuzi wa forodha, sheria inakupa siku 30 kuomba upitiwe upya. Usizipoteze ukilalamika mtandaoni.