KONA YA KOMPYUTA: Kurasa Tupu Zisizo Tupu



Safari hii nazungumzia faili letu la msamiati, lile tulilolijaza kwa kuzunguka Rosettenville na kinasa sauti. Ndani mna Kiswahili cha Bukavu, Goma na Lubumbashi kama kinavyosemwa na majirani zetu hapa kusini mwa Johannesburg: sombe, ambayo Mtanzania huiita kisamvu, lengalenga, yaani mchicha, na mengine ambayo bado tunabishana.

Mwezi uliopita mama mmoja muuza mboga aliniita pembeni. "Mwanangu, ile sauti yangu na jina langu, vitoe." Sikumwuliza sababu. Anayekumbuka Februari 2017, nyumba zilipochomwa moto mtaani humu kwa tuhuma za dawa za kulevya na ukahaba, wageni wakakaa roho juu, hana haja ya kuuliza. Tukamfuta yeye na wengine walioomba hivyo. Niliporudi kumwambia, "Tayari, mama," alinipa fungu la mboga bure.

Wiki hiyohiyo kompyuta ya chama ikalalamika kuwa diski imejaa. Nikatazama faili: halikupungua hata kilobaiti moja. Nikashtuka.

Hifadhidata yetu ni ya SQLite, programu iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, na huenda imo kwenye simu yako sasa hivi. Huweka data katika kurasa. Ukifuta, kurasa zilizobaki wazi huorodheshwa zisubiri data mpya. Faili lenyewe halifupishwi. Kuzihesabu ni rahisi: PRAGMA page_count hutaja kurasa zote, PRAGMA freelist_count hutaja zilizo tupu. Letu lilikuwa na kurasa 51,200, na tupu zilikuwa 38,400. Kila moja ni baiti 4,096. Yaani katika megabaiti 200, 150 hazitumiki!

Kama ni suala la nafasi tu, ningeziacha, maana muhula ujao tutarekodi tena na zitajaa. Lakini nililifungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi, na katikati ya vikorokoro nikasoma jina la yule mama, zima, herufi kwa herufi. Ukurasa ulikuwa umeondolewa kwenye orodha ya vinavyotumika. Haukuwa umepanguswa.

Dawa ni VACUUM, inayolijenga faili upya bila kurasa tupu. Tatizo, huweza kuhitaji nafasi ya ziada hadi mara mbili ya ukubwa wa faili, na diski yetu ndiyo hiyo imejaa. Nikatumia VACUUM INTO, nikaandika nakala mpya kwenye flashi. Ikatoka na megabaiti 50 hivi. Nikatafuta jina, halimo. Tangu siku hiyo, kila nikifungua faili naanza na PRAGMA secure_delete = ON, ili kinachofutwa kifunikwe kwa sifuri papo hapo.

Faili la zamani nimelifuta kwenye kompyuta ya chama. Lakini mwezi Machi nililituma kwenye kundi letu la WhatsApp, na najua wengi mlilipakua, walimu wawili wakiwamo. Tafadhali lifuteni, kisha mniandikie neno moja tu: "nimefuta". Nakala mpya nitawagawia Alhamisi kwenye mkutano.

Kwa mama sijarudi. Nitakwenda mkishanijibu wote.