Jabba Alitafsiriwa, Wetu Hakutafsiriwa

Kila tarehe 4 Mei simu yangu hujaa. Ni siku ya mashabiki wa Star Wars, na sisi wa Afrika Mashariki tunarushiana kipande kilekile: rubani msaidizi wa Lando Calrissian, yule mwenye mashavu ya kuning'inia na macho meusi makubwa, anaongea Kikuyu. Chini yake maneno ya kujipongeza. Eti lugha zetu zilifika angani tangu 1983.

Mimi hiyo fahari imenichosha. Na nasema hivyo nikiwa na sanamu yake mezani kwangu.

Anaitwa Nien Nunb. Return of the Jedi ilipotoka mwaka 1983, kampuni ya Kenner ilimfanya zawadi ya posta: unanunua sanamu nyingine, unakata vithibitisho kwenye pakiti, unatuma, unaletewa huyu. Wangu ni mtumba. Binamu yangu aliyeko Uingereza alimpata kwa bei ndogo, ila kumsafirisha ndiko kulikoniumiza. Urefu wake ni kama penseli iliyochongwa ikabaki nusu, na bunduki yake ilishapotea. Mguuni ana mwaka na herufi za kampuni yenye haki zake. Aliyempa sauti ni Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani. Jina lake halikuonekana filamu ilipoisha. Lilikuja kuandikwa mwaka 2015, alipoitwa tena kwa ajili ya The Force Awakens.

Miaka thelathini na mbili, jamani.

Filamu yenyewe niliiona mara ya kwanza mjini Kyela, kwenye kibanda umiza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mabenchi, joto la ziwani, jenereta inanguruma nje kiasi kwamba hata anayejua Kiingereza haambulii kitu. Dar walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa kwenye kanda nchi nzima. Sisi tulikuwa na mkalimani wetu wa palepale, anasimama kando ya runinga na fimbo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini nani alijali? Nien Nunb alipofungua mdomo, mkalimani akamfanya Mnyakyusa wa Matema. Akamwamkia Lando "mugonile", akamlalamikia kwamba upepo umegeuka, mawimbi makubwa, na yeye alishasema tangu asubuhi tusitoke. Kibanda kizima kilianguka kwa kicheko. Nilirudi nyumbani nikiamini yule jamaa ndiye mwenye akili kuliko wote mle chomboni.

Mwaka jana nikaitazama upya, na yule mdoli kando ya kompyuta. Safari hii nilisikia kila neno, na nikaona jambo ambalo kicheko cha Kyela kilinificha. Jabba anapobwabwaja, maneno yanatokea chini ya picha ili tumwelewe. Lugha ya Jabba ilitungwa, ingawa mtengeneza sauti Ben Burtt alichota milio ya Kiquechua cha Amerika Kusini. Nien Nunb anaongea lugha ya watu walio hai, lugha ambayo mama wa Nyeri anamwitia mtoto wake aje ale, na chini ya picha hapana kitu. Lando anamjibu kwa Kiingereza, hiyo ndiyo tafsiri yetu.

Utaniambia hata Chewbacca hakutafsiriwa. Kweli, lakini Chewbacca ni mngurumo wa wanyama uliorekodiwa na kuchanganywa. Wewe unaona sawa Kikuyu kuwekwa kapu moja na dubu? Burtt alitafuta lugha ambayo sikio la Mmarekani lingeisikia kama mlio tu, akaikuta kwetu. Hapo tulialikwa kama kelele, na kila Mei tunapiga makofi.

Sasa nisijifanye Hollywood ndiyo yenye dhambi peke yake. Fungua hadithi za Kiswahili tunazosifiana humu. Mara ngapi umesoma "bibi akasema maneno fulani kwa kilugha", kisha mwandishi akapita zake? Bibi kasema nini? Hatuambiwi. Bibi yule ni Nien Nunb mwenye khanga. Na hilo neno lenyewe, kilugha, utadhani ni kitu cha kuokota njiani. Kwenye filamu zetu za vichekesho ni hivyohivyo: mlinzi anaongea kwa lafudhi ya kwao na hiyo ndiyo yote tunayopaswa kuchekea. Mkalimani wa Kyela alichekesha pia, lakini yeye alimpa mtu wake la kusema. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na ugomvi, kulikuwa na mtu mwenye maoni.

Na mimi nimo. Miaka michache iliyopita nilitumwa kuandika makala kuhusu wafinyanzi wa Kikisi, akina mama wa Ikombe wanaoleta vyungu kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo, pale Matema, siku ya Jumamosi. Mama mmoja alinipa chungu kidogo, akasema kitu kirefu, wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Kikisi si Kinyakyusa, sikuelewa. Nikaandika, na gazeti likachapa: "alisema kwa lugha yake huku akicheka." Mhariri alilipenda hilo. Alisema linaleta rangi.

Chungu kile ninacho, kipo kando ya Nien Nunb. Mwezi ujao nakwenda Kyela msibani, na Jumamosi itanikuta huko. Nitapanda gari la Matema, nimtafute yule mama kama bado anakuja sokoni, nimuombe mtu wa kunitafsiria, nimuulize alisema nini siku ile. Naogopa kidogo, maana nadhani walikuwa wananicheka mimi.