Bandari Haiishii Gatini

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, huenda hajapata kuiona bahari maishani mwake, lakini kila siku anaishi na bandari. Shehena iliyoteremshwa melini Dar es Salaam hupita mbele ya nyumba yake usiku na mchana, juu ya malori yaliyokwisha kuukwea mlima Kitonga kwa ngurumo na moshi, yakielekea Makambako, Mbeya na hatimaye mpaka wa Tunduma. Dizeli na salfa hupanda. Shaba ya Zambia na Kongo huteremka.

Kwa hiyo, swali la kama bandari ya Dar es Salaam inaweza kudumu kwa faida, pasipo kuiharibu nchi inayoitegemea, haliwezi kujibiwa gatini peke yake. Sehemu kubwa ya jibu lake iko Nyanda za Juu Kusini.

Hapana shaka kwamba gatini kazi kubwa imefanyika. Kuanzia mwaka 2017, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 345, gati zimeimarishwa na kina cha maji kimeongezwa ili meli kubwa zaidi ziingie. Oktoba 2023 Serikali ilitia sahihi mikataba na kampuni ya DP World kuendesha sehemu ya bandari. Lakini kila tani inayoongezeka gatini haina budi kupata njia ya kuondoka, na hapo ndipo hesabu inapokuwa na kasoro.

Njia iliyo bora ilikwisha kujengwa. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji mlango mwingine wa baharini. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja.

Tofauti hiyo haikupotea hewani, bali ilihamia barabarani. Kwa lori lenye kubeba tani 30, tani milioni 2 ni safari zaidi ya 66,000 kwa mwaka, yaani karibu 180 kila siku. Wahandisi hukadiria kuwa ekseli ikiongezewa uzito maradufu, uharibifu wa barabara huongezeka takriban mara 16. Lami ikipasuka, anayeiziba ni mlipa kodi, wala gharama hiyo haiandikwi katika vitabu vya bandari.

Ziko gharama nyingine zisizozibwa kwa lami. Barabara hiyo hukata Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilometa 50, na wanyama hugongwa humo. Treni hutumia mafuta kidogo zaidi kuliko lori kwa kila tani inayobebwa, na kwa hiyo hutoa moshi kidogo. Katika miteremko ya Inyala na Iwambi, mkoani Mbeya, lori lililoshindwa breki limekwisha kuacha misiba mara nyingi. Mwalimu anayewavusha wanafunzi barabara asubuhi anaijua gharama hiyo kuliko mtaalamu yeyote wa mahesabu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wapo watakaosema kwamba malori hulisha watu wengi. Ni kweli. Madereva, mafundi, mama lishe na wenye nyumba za wageni wa Makambako na Tunduma hupata riziki humo, na haifai kuwapuuza. Lakini reli haiondoi lori; huliweka mahali pake. Mbeya kwa miaka mingi imekuwa na kituo cha mizigo ya Malawi, ambapo shehena hutoka kwenye behewa na kupakiwa kwenye lori kwa safari fupi. Huo ndio mgawanyo wa kazi unaofaa kupanuliwa.

Muda wa kusitasita hautoshi. Oktoba 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya zilitia sahihi makubaliano na Angola, Zambia na Kongo ya kuendeleza njia ya reli ya Lobito, inayoipeleka shaba bahari ya Atlantiki. Mwenye mzigo hana undugu na bandari yoyote; huifuata iliyo nafuu na ya haraka. Kwa bahati njema, Septemba 2025 ulitiwa sahihi mkataba wa miaka 30 wa kuikabidhi TAZARA kwa kampuni ya China, CCECC, iifufue na kuiendesha.

Mkataba, hata hivyo, hauvuti behewa. Wenye dhamana hawana budi kuchukua hatua tatu madhubuti. Kwanza, taarifa ya kila mwaka ya bandari ioneshe ni tani ngapi zimeondoka kwa reli na ngapi kwa barabara. Pili, lori lililozidisha uzito lizuiwe katika lango la bandari, lisingojewe kwenye mizani ya Makambako baada ya kuharibu nusu ya njia. Tatu, sehemu ya mapato ya bandari itengwe kwa usalama wa barabara katika mikoa inayobeba mzigo huo.

Bandari itakayotajirika kwa kuwadhulumu Ilula na Inyala haitadumu. Itakayodumu ni ile ambayo faida yake inahesabiwa baada ya kulipa madeni yake yote, hata yale yaliyo mlimani.