Sindano Isiyo na Jina

Muulize yeyote anayefuga mbwa au paka hapa mjini: mnyama wako alipowashwa mara ya mwisho, alichomwa dawa gani? Wengi watakujibu, "Sindano ya mwasho." Hilo si jina la dawa. Ni jina la shida, limebandikwa juu ya chupa ili mwenye mnyama asiulize zaidi. Na ndani ya chupa hiyo kuna uwezekano mkubwa wa kuwamo steroidi: deksamethasoni, prednisoloni, au ndugu yao mmoja.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na dawa yenyewe. Mbwa ambaye kinga yake imemgeuka na kuanza kuharibu chembe nyekundu za damu anaweza kuokolewa nayo. Wapo paka wenye pumu ambao wanapumua kwa sababu yake. Ugomvi wangu ni na ukimya. Mtu anaingia uani na mkoba, anafyonza dawa bila kumpima mnyama uzito, anadunga, anapokea hela yake, anaondoka. Hakuna jina, hakuna kipimo, hakuna karatasi. Kesho yake mwasho umetulia na sifa zinamfuata mtaa mzima. Mwezi unaofuata mwasho umerudi, naye anapigiwa simu tena.

Hakuna anayeweza kujitetea kwamba madhara yake hayakujulikana. Septemba 1948, daktari Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Shangwe haikudumu. Wagonjwa waliotumia dawa kwa muda mrefu walivimba nyuso, wengine walivurugika akili, na waliposimamishiwa maumivu yalirudi. Zaidi ya miaka 70 imepita tangu madaktari wajue kwamba dawa hii inatoa kwa mkono mmoja na kudai kwa mwingine.

Inadai vipi? Karibu na kila figo, kwa mbwa na paka kama kwa binadamu, kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya kotisoli, ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Ukimpa mnyama steroidi kwa wiki kadhaa, ubongo unaona homoni ya aina hiyo imejaa tele na unaacha kuiamrisha tezi. Tezi inasinyaa. Siku ukikatiza dawa ghafla, mnyama anabaki hana ya kwake wala ya dukani. Analegea, anatapika, shinikizo la damu linashuka, na anaweza kufa. Ndiyo maana dozi ya muda mrefu hushushwa ngazi kwa ngazi. Sasa niambie, mwenye mbwa ataishusha vipi dawa ambayo hajui kama anaitumia?

Mtaani kwetu nimeona mbwa akichapwa kwa kukojoa sebuleni. Alikuwa kwenye sindano hizo kwa miezi. Alikunywa maji ndoo nzima, akala hadi akaiba jikoni, akahema usiku bila joto, tumbo likamshuka. Hayo yote ni madhara ya steroidi yanayojulikana na kila aliyesomea mifugo. Hakuna aliyemwambia mwenye mbwa. Basi fimbo ikamwangukia asiye na kosa.

Paka naye ana yake. Steroidi zinaweza kumsukuma kwenye kisukari. Ini lake hupata shida kugeuza prednisoni kuwa prednisoloni, kwa hiyo hupewa prednisoloni moja kwa moja. Ni herufi mbili tatu tu za tofauti, lakini ukishaita vyote "kidonge cha mwasho" huwezi kuziona. Tena zipo sindano za steroidi zinazokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Kidonge utakipunguza kesho. Sindano ya namna hiyo ikishaingia haichomoki.

Jina lina kazi nyingine. Mbwa akianza kuchechemea wiki ijayo, mtu mwingine atampa asprini, meloksikamu au diklofenaki. Dawa hizo zikikutana na steroidi zinaweza kutoboa tumbo. Hata kipimo hakisomeki bila jina. "Nilimpiga mililita moja" haina maana yoyote: ipo deksamethasoni ya miligramu 2 kwa mililita na ipo ya miligramu 4, na miligramu 0.75 tu za dawa hiyo hukaribia nguvu ya miligramu 5 za prednisoloni.

Kibaya zaidi, mara nyingine mwasho wenyewe haukuhitaji steroidi. Kuna utitiri wa demodeksi wanaoishi kwenye vinyweleo, kuna fangasi wa ngozi. Steroidi inatuliza uvimbe huku ikiishusha kinga, na wadudu wanapata uwanja. Kuutambua utitiri huhitaji wembe, tone la mafuta na darubini. Kuwatafuta viroboto huhitaji macho na kitana.

Najua jibu linalonisubiri: watu hawana hela ya vipimo. Nakubali, na simlaumu anayeshindwa kulipia maabara. Ila kuandika jina la dawa, miligramu, uzito wa mnyama na tarehe kwenye kipande cha karatasi kunagharimu shilingi ngapi? Umaskini wa mteja haujawahi kumzuia mtu kushika kalamu. Kinachomzuia ni kwamba mteja asiyejua atarudi.

Jibu la pili ni fupi zaidi: "Si mbwa tu?" Wanaosema hivyo waangalie vizuri meza zinazouza mkorogo. Baadhi ya krimu zile zina steroidi kali, nazo zinauzwa kwa majina ya rangi na urembo. Ni ukoo uleule wa dawa, ni ukimya uleule. Tukizoea kwamba asiyeweza kusema hana haki ya kujua anachopewa, tutashangaa nini anayeweza kusema naye akinyimwa?

Kama mnyama wako yuko kwenye dawa hizi sasa, usizikatize kwa sababu ya maneno yangu. Mpigie aliyekupa, au daktari mwingine wa mifugo, upate mpango wa kuzishusha. Na safari ijayo, kabla sindano haijagusa ngozi, uliza: Dawa hii inaitwaje? Ni miligramu ngapi, kwa kilo ngapi? Itakaa mwilini siku ngapi? Tutaiacha vipi? Andika majibu kwenye simu yako mbele yake. Daktari anayeijua kazi yake atajibu huku akimweka mbwa kwenye mizani. Asiyetaka kujibu, mlipe nauli yake na umfungulie geti.